Gitaa la Mtu wa Kukaa

Mvua ya Novemba ilikuwa katika siku yake ya tatu, na katika karakana ya Fundi Gerardo Scaramella, Mtaa wa Elizabeth, hakuna aliyegusa gundi, kwa maana gundi haishiki vyema hewa inapojaa maji. Siku za namna hiyo Nunzia, binti wa pekee wa fundi huyo, aliketi dirishani akiviringisha waya wa vinasa. Kinasa ni kile kijisanduku cha sumaku kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa, kikiipokea sauti yake na kuipeleka kwenye amplifaya. Waya wake ni mwembamba kuliko unywele, na kila kinasa hudai mizunguko elfu tano kamili. Anayekosa hesabu hana budi kuanza upya.

Alikuwa amefika elfu tatu mia mbili na kumi na mbili mlango ulipofunguliwa. Hakuinua uso, kwa sababu hatua zile alizijua.

"Umefika wangapi?" akauliza Ruggero Palmisano.

"Ukiniongelesha nitapotea."

"Basi potea, Nunzia. Nina neno."

Gurudumu la kuviringishia waya likasimama. Walikuwa wachumba kwa miezi mitano, na katika miezi hiyo hakuwahi kumsikia akisema kwa sauti ya namna ile, sauti ya mtu aliyelisema neno lake peke yake njia nzima. Alisimama kizingitini, maji yakimchuruzika kutoka ukingo wa kofia, mkono mmoja ukishika sanduku la gitaa, mwingine ukiwa ndani ya koti. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Alipiga gitaa katika arusi za mtaani na, mara mbili kwa juma, katika studio ya redio. Arusi yake mwenyewe ilikuwa imepangwa kufanyika baada ya Pasaka.

"Nani huyo?" Sauti ya Shangazi Filippa ilitoka jikoni, nyuma ya pazia, pamoja na harufu ya samaki wa chumvi na nyanya. "Kama ni mwanamuziki, mwambie afute miguu. Kama ni mkwe, mwambie vilevile."

"Ni mimi, Shangazi."

"Nimekusikia. Ndiyo maana nikataja miguu."

Siku nyingine Ruggero angalimjibu, nao wangalirushiana maneno mpaka kahawa ichemke. Leo alifuta miguu kimya, akaja mpaka kwenye meza ya kazi, akalaza sanduku na kulifungua.

Nunzia alilitazama gitaa lile kama mama amtazamavyo mtoto aliyerudishwa nyumbani kabla ya saa za shule kwisha. Lilikuwa na rangi ya asali iliyokaa mtungini miaka mingi. Mgongo wake, wa mti mgumu wenye mawimbi, ulikuwa wa vipande viwili vilivyopasuliwa kutoka gogo moja na kuunganishwa hata mawimbi yakakutana bila kukosea. Kifua chake, yaani uso wa mbele, cha msonobari wa milimani, hakikukunjwa kwa moto wala kushindiliwa kwa mashine. Kilichongwa kutoka ubao mnene, kwa patasi kwanza, kisha kwa randa ndogo isiyozidi kidole gumba, mpaka kikabinuka polepole kama tumbo la fidla. Lilikuwa limetoka karakanani humo majuma manne tu yaliyopita.

"Limepasuka?" aliuliza.

"Halijapasuka."

"Shingo imejikunja?"

"Halina ugonjwa wowote. Mwite baba yako."

"Niambie mimi kwanza."

Ruggero akavua kofia. "Nimepata bendi."

Alisema polepole, huku akiitazama meza. Ilikuwa bendi ya watu kumi na watano, bendi kubwa kweli, na mpiga gitaa wao alikuwa amelazwa hospitali. Wangeondoka Jumapili kwa basi kwenda Chicago, kutoka huko wakavuka nchi mpaka California, mji kwa mji. Safari ingechukua mwaka na nusu.

"Jumapili hii?" Nunzia akauliza.

"Hii."

"Leo Ijumaa."

"Najua ni Ijumaa. Samaki wa shangazi yako ananiambia; Ijumaa hamli nyama." Akajaribu kutabasamu, akashindwa. "Jana tulifanya mazoezi. Mwanzoni watu waligeuka kunitazama, Nunzia. Mpiga piano aliacha kupiga ili asikilize. Kisha tarumbeta nne zikaingia, nikaongeza sauti ya amplifaya ili nisikike, na gitaa likaanza kulia lenyewe, kifua kikiijibu amplifaya. Halikukoma. Mkubwa wa bendi akasimamisha watu wote. Unajua aliniambia nini? 'Kijana, mkono wako ninautaka. Mnyama wako mfunge mdomo, au ubaki naye nyumbani.'"

Akatoa mkono ndani ya koti na kuweka mezani vinasa viwili vilivyofungwa katika kitambaa.

"Nimeazima hivi vyote viwili. Chagua chochote. Nikatie tundu hapa." Kidole chake kikagusa kifua cha gitaa, karibu na mwisho wa shingo.

Nunzia alikitazama kidole kile.

Ni lazima tulirudie neno lililosemwa mwezi wa Juni. Katika nyumba ya akina Scaramella hakuna ubao uliowahi kuguswa kabla mwenye gitaa hajaulizwa swali moja: kinasa chako kiwe cha kuning'inia, au cha kupachika? Cha kuning'inia hufungwa kwenye kibao kidogo kando ya nyuzi, kisiguse kifua hata kidogo. Kifua huachwa kizima na chembamba, kitetemeke kitakavyo, na gitaa huimba hata bila umeme. Ni kinasa cha mtu apigaye sebuleni, arusini na studioni. Cha kupachika hukatiwa tundu kifuani. Kifua hicho huchongwa kinene tangu siku ya kwanza, na mbavu zake za ndani hutenganishwa ili zipishe tundu. Sauti ya mbao hupungua, lakini gitaa hustahimili tarumbeta. Hicho ni kinasa cha mtu wa safari.

Fundi Gerardo aliliuliza swali hilo mezani, Jumapili ya posa, mbele ya ndugu wote, na kila aliyeketi pale alielewa kwamba haulizi habari za mbao peke yake. Ruggero alimtazama Nunzia kwa muda, akajibu, "Cha kuning'inia, Fundi. Mimi ni mtu wa kukaa." Ndugu wakagonga bilauri. Shangazi Filippa peke yake ndiye aliyenong'ona, tena kwa sauti ya kusikika, kwamba mwanamume mwenye sanduku la gitaa ni mwanamume aliyekwisha kufunga mizigo.

"Hapa hapakatiki," Nunzia alisema sasa.

"Kila mahali panakatika. Ni ubao."

"Nakwambia hapakatiki, Ruggero."

"Basi naomba kuambiwa na aliyelichonga."

Pazia likasogea. Fundi Gerardo alitoka akiwa amevaa aproni yake ya ngozi, mikono yote miwili imo mifukoni, kama ilivyokuwa desturi yake siku hizi. Watu wa nje walidhani anaona baridi.

"Nimesikia," alisema. "Kuta zetu ni nyembamba. Nunziata, nipe taa."

Baba peke yake ndiye aliyeliita jina lake zima. Taa yenyewe ilikuwa balbu ndogo iliyofungwa kwenye waya mrefu, ya kukagulia magitaa kwa ndani. Nunzia hakumpa. Aliishika mwenyewe, akaipenyeza katika tundu la sauti lililokuwa ubavuni mwa daraja, kile kijiti kinachobeba nyuzi, akaiwasha. Kifua cha gitaa kikawaka kutoka ndani, chekundu, kama sikio la mtoto lililopigwa na jua kwa nyuma. Mishipa ya msonobari ilionekana mmoja mmoja.

Ruggero alikuwa ameshika magitaa maisha yake yote. Hakuhitaji kufafanuliwa.

"Chembamba hivi?" alisema. "Fundi, hata kwa kinasa cha kuning'inia watu huacha mbao kidogo. Huacha akiba. Humu hakuna akiba. Nikipitisha msumeno hapa, nyuzi zitakibonyeza chini kama ganda la yai."

"Kweli."

"Kwa nini?"

Fundi Gerardo alijibu bila kuitoa mikono mifukoni. "Nimezeeka, mwanangu. Randa ilinitoroka."

Jikoni, mwiko uliacha kugonga sufuria.

"Walinionya," Ruggero alisema. "Pale dukani kwa wauza nyuzi waliniambia, mikono ya Fundi Gerardo imekwisha, usimpe kazi. Niligombana nao, Fundi. Nilimshika mtu ukosi wa shati kwa ajili yako."

"Usigombane nao tena. Waambie walisema kweli."

Nunzia aliwatazama wote wawili. Alimwona baba yake amesimama wima kama shahidi mahakamani, akilitoa jina lake la miaka arobaini kana kwamba ni koti analomwazima mtu kwa sababu ya mvua. Alijua kwamba akinyamaza, Ruggero angeondoka akimlaumu mzee, huku akimpenda yeye vilevile; angemwandikia barua kutoka kila mji; labda angerudi. Akisema, hakujua kitakachobaki.

"Si kweli," alisema.

"Nunziata, nyamaza."

"Sinyamazi, Baba. Ruggero, baba hajashika randa tangu Krismasi iliyopita. Toa mikono, Baba, aione. Basi, usiitoe. Mikono yake inatetemeka. Mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya shati asubuhi. Gitaa hili nililichonga mimi, kutoka ubao wa kwanza hadi rangi ya mwisho. Na randa haikunitoroka."

Ruggero akaligeukia gitaa.

"Nilikuwa na kipimo cha unene mkononi," aliendelea. "Nilijua nilipofika. Nilijua pia mahali ambapo fundi mwenye akili angesimama. Nikapita. Kila jioni niliondoa kidogo zaidi, pale pale ulipogusa kwa kidole chako. Nilitaka asipatikane mtu wa kulikata. Si wewe, si fundi mwingine, si kesho, si baada ya miaka kumi."

"Ulinifunga."

"Nilikufunga."

"Kwa msonobari."

"Sikuwa na kitu kingine cha kukufungia."

Pazia lilifunguka kwa nguvu, na Shangazi Filippa akajitokeza na mwiko wake, mchuzi ukimdondokea kiganjani. Alikuwa mwanamke mfupi, mjane kwa miaka ishirini sasa, ambaye hakuwahi kukosa la kusema. "Mimi nilisema tangu Juni," alianza.

"Filippa," Fundi Gerardo alisema.

"Nilisema mtu huyu ataondoka. Wala sikusema msichana ni mjinga, hilo nalisema leo." Kisha akamtazama mpwa wake usoni, akaushusha mwiko. "Samaki anaungua," alisema taratibu, akarudi ndani.

Ruggero alivuta kigoda akaketi. Alionekana amechoka ghafla. "Mbona hukuniuliza?"

"Uliulizwa. Mezani, mbele ya ndugu. Ulijibu kwa kinywa chako."

"Baba yako ananitazama, mama yangu ananitazama, wewe umevaa gauni lile la buluu. Ulitaka nijibu nini? Niseme nataka kwenda California?"

"Ulikuwa unataka?"

"Nilikuwa natamani kila kitu siku ile, Nunzia. Nilikutamani wewe, na nilitamani kusimama mbele ya tarumbeta nne. Nilidhani moja litanitoka lenyewe, kama homa."

"Halikutoka."

"Jana, kabla gitaa halijaanza kulia, nilipata dakika moja." Alikigusa kifua cha gitaa. "Dakika moja tu. Siwezi kukueleza."

"Usinieleze. Naijua. Niliisikia siku nilipotia nyuzi."

Hapo Ruggero alilinyanyua gitaa, akaliweka pajani, naye Nunzia akaizima taa iliyokuwa ndani na kuitoa. Ruggero hakuunganisha waya wowote. Alipiga polepole, sauti nne nne, kwa nyama ya kidole gumba. Huo si mlio uwezao kuelezwa kwa asiyewahi kuusikia kwa karibu. Gitaa la kifua kilichochongwa halimwagi sauti kama maji. Huitoa kavu, ya mviringo, kila moja imesimama peke yake, kisha huikata kabla haijachosha sikio. Lile la Nunzia lilifanya zaidi ya hapo. Wembamba ule wa dhambi ulilifanya lijibu kabla kidole hakijakwisha kugusa, hata ikawa kana kwamba mawazo ya mpigaji yanasikika yenyewe. Mvua ilikuwa ikigonga kioo, lakini hakuna aliyeisikia.

Aliacha katikati ya wimbo, mahali ambapo nyimbo haziachwi.

"Ni zuri kuliko lolote nililowahi kushika," alisema. "Umelitengeneza kwa ajili ya mtu asiyekuwa mimi."

Nunzia hakulia. Aliukunja waya wa ile taa.

"Njoo nami," Ruggero akasema.

"Kama nani? Mwimbaji?"

"Kama mke wangu. Padri atatufungisha kesho tukimlilia."

"Na Jumatatu nani atamfunga baba vifungo? Nani atamaliza yale magitaa mawili yaliyotundikwa kule nyuma bila uso? Watu wanaoyangojea wanadhani yanachongwa na mwanamume."

Fundi Gerardo alifungua kinywa. Binti yake akamwahi. "Usiniambie niende, Baba. Ukiniambia nitakwenda, kisha nitakuchukia kila ninapoona basi."

Mzee akageuka kuelekea dirishani.

"Basi ningojee," Ruggero alisema. "Mwaka na nusu si umri."

"Unaniuliza, au unanieleza?"

Nunzia alimtazama kwa muda mrefu: pua iliyovunjika utotoni, maji katika nyusi, vidole virefu ambavyo alikuwa amevipima, bila yeye kujua, ili shingo ya gitaa imkae sawasawa mkononi. Aliona pia kwamba hatamwomba tena akate. Angeweza kuondoka hapo bila gitaa, akaikosa bendi, akakaa. Angekaa mwaka mzima, labda miaka mitano, akipiga arusini na kumtazama kila mara atakapodhani kwamba haonekani. Ndicho Nunzia alichokuwa amekichonga jioni zile zote za majira ya kiangazi, na sasa kilikuwa mbele yake, kimeketi juu ya kigoda, kimeloa.

Alisimama, akaenda pembeni nyuma ya mlango, akarudi na gitaa jingine lililojaa vumbi.

"Unalikumbuka?"

Ruggero akalitazama. "Lile langu la zamani, nililoliacha hapa. Nilidhani mmelichoma."

"Baba alisema nilichome."

"Ni kabati, si gitaa," Fundi Gerardo alisema bila kugeuka. "Karatasi tatu za mbao zilizogandishwa kiwandani. Ukiligonga linajibu kesho."

"Ndiyo maana linamfaa," Nunzia alisema. "Kifua chake hakitetemeki. Tarumbeta hazitalipata. Likikatwa halitajua kwamba limekatwa."

Alivua pete yake ya uchumba, kwa sababu katika karakana ile hakuna aliyeshika msumeno akiwa na pete, akaitia katika kikombe cha penseli. Kisha akavifunua vile vinasa viwili kwenye kitambaa. Kimoja kilikuwa chembamba, chenye koili moja ya waya. Kingine kilikuwa kipana, cha namna mpya iliyoanza kuonekana madukani mwaka ule, chenye koili mbili zilizopangwa bega kwa bega.

"Ulitaka kipi?"

"Hiki chembamba. Sauti yake ni safi. Unaisikia hata kucha ikigusa uzi."

"Ni kizuri. Nami ningekichagua, kama ungekuwa unapiga humu ndani." Alikigeuza, akakiweka kando. "Lakini hiki hunung'unika karibu na taa. Jukwaa la ukumbi mkubwa lina taa mia. Kati ya nyimbo, watu wakinyamaza, kitakuwa kinavuma kama nzi ndani ya bilauri. Chukua chenye koili mbili. Koili moja inayafuta manung'uniko ya mwenzake. Utapoteza wembamba kidogo wa sauti za juu kabisa."

"Na nitapata nini?"

"Ukimya. Ukinyamaza wewe, nacho kitanyamaza."

"Chagua wewe."

"Nimekwisha kuchagua."

Kazi ilichukua muda usiozidi saa moja na nusu. Alipima kwa penseli, akatoboa pembe nne, akapitisha msumeno mwembamba kama utepe. Mbao ya kiwandani ilitoa unga mweupe usio na harufu. Ruggero alishika gitaa lisiteleze, na mara mbili mikono yao ilikutana, na mara zote mbili ni Nunzia aliyeiondoa yake, kwa sababu alikuwa na chombo chenye makali. Alipachika kinasa, akakipandisha na kukishusha kwa bisibisi mpaka uzi mnene usiuzidi ule mwembamba. Aliunganisha nyaya. Akampa.

Ruggero alipiga sauti moja kwenye amplifaya ndogo ya karakana. Ilitoka nene, tamu, kama kahawa iliyotiwa sukari nyingi. Aliongeza nguvu, akaongeza tena, mpaka vioo vya dirisha vikatikisika. Gitaa halikulia.

"Limekaa kimya," alisema.

"Limekaa kimya."

Alilitia ndani ya lile sanduku zuri, mahali pa jingine, nalo lilichezacheza kidogo kwa kuwa halikuwa kipimo chake. Nunzia akakunja gazeti la jana mara nne, akalishindilia ubavuni ili lisigonge njiani.

"Pete umeiacha kikombeni," Ruggero alisema.

"Naiona."

Alingoja. Mkono wa Nunzia haukwenda kikombeni. Ruggero akavaa kofia yake, ambayo ilikuwa bado imelowa, akamsogelea Fundi Gerardo na kumpa mkono. Mzee aliutazama mkono ule, kisha akatoa wake mfukoni, ukitetemeka wazi mbele ya macho yake, akampa.

"Nisamehe, Fundi. Kwa yale niliyoyasema."

"Ulimshika mtu ukosi kwa ajili yangu. Nenda salama."

Mlangoni Ruggero aligeuka. "Nitaandika."

"Andika," Nunzia alisema. "Sikuahidi kujibu."

"Najua."

"Vaa skafu. Chicago kuna upepo."

Mlango ulifungwa. Kupitia kioo walimwona akisimama barazani, sanduku mkononi, kana kwamba amesahau upande wa kwenda. Kisha akashuka ngazi, akageuka kulia, na mvua ikamfuta.

Nunzia alilitundika gitaa lake ukutani, kwenye ndoana iliyokuwa wazi.

"Ulijua, Baba?" aliuliza. "Kwamba nimelikondesha?"

"Siku ulipotia nyuzi. Lilizungumza mno."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka akae," Fundi Gerardo alisema. "Nami pia nilitaka akae."

Lori lilipita barabarani, na ukutani nyuzi sita zikavuma polepole zenyewe, kisha zikatulia. Mzee akakohoa. Zikavuma tena. Kifua kile kilikuwa chembamba mno hata hakikuweza kuachia sauti yoyote ipite bila kuijibu. Nunzia alisimama mbele yake, akatikisa midomo, akalitamka jina moja kwa sauti ambayo baba yake hakuisikia. Uzi wa tatu ukaitika.

"Legeza nyuzi," Fundi Gerardo alisema.

"Ulinifundisha kwamba hazilegezwi zote pamoja. Shingo hujikunja."

"Leo zilegeze."

"Legeza wewe, Baba."

Mzee alitoa mikono yake, akaitazama, akairudisha mifukoni.

Basi akazilegeza Nunzia. Alianza na uzi mnene, akazungusha ufunguo mpaka uzi ukashuka, ukanguruma, ukanyong'onyea. Wa pili. Wa tatu alikawia nao kidogo. Alipoumaliza wa sita, nyuzi zote zilikuwa zimelala juu ya shingo kama nywele za mgonjwa, na Shangazi Filippa akaita kutoka jikoni, kwa sauti ile ile yake kubwa, kwamba waje kula, samaki ameungua upande mmoja tu. Ukutani hakuna kilichoitika.